Kuhama jimbo Marekani: mambo ya kujua kabla hujapakia lori

Wakuu, kila mwaka ikifika Februari simu yangu haitulii. Mtu yuko Maine au Minnesota, theluji imemfika magotini, anataka kuhamia Texas, na swali la kwanza ni lile lile, "kaka, nyumba huko shilingi ngapi?" (anamaanisha dola ila ulimi wenyewe haujahama bado). Nikimtajia bei anasema basi poa, mwezi ujao nipo hapo. Hapo ndo huwa namwambia kaa kwanza chini tuongee.

Shida yetu tumezoea mambo ya nyumbani. Mtu anatoka Mwanza anahamia Dar, leseni ni ile ile, bima ile ile, mtoto anapewa uhamisho wa shule maisha yanaendelea. Huku neno jimbo lisikudanganye, kwa upande wa makaratasi ni kama umevuka Namanga. Leseni ya udereva, bima ya gari, bima ya afya, cheti cha kazi, kodi ya mapato, vyote hivyo ni vya jimbo, na siku unayovuka mpaka vinaanza kukuhesabia siku.

Sie tulihama Agosti 2024 kutoka Lowell, Massachusetts kuja Fort Worth, Texas, mimi, mke wangu na watoto wawili, na kilichotuumiza sio lori wala mafuta. Ni wiki saba ambazo mama watoto alikaa nyumbani huku kazi zipo, waajiri wanampigia simu wenyewe, ila cheti chake cha CNA (msaidizi wa manesi) cha Massachusetts kilikuwa hakijahamishwa. Mi naliita pengo, yaani kuanzia mshahara wa mwisho kule mpaka mshahara wa kwanza huku. Haya yote chini kazi yake ni kulifupisha hilo pengo, ndo maana nimeyapanga kwa muda, usirukeruke.

Hatua ya 1: hesabu ya kweli, sio ile ya kijiweni (miezi minne kabla)

Kitu kinachovuta watu ni kodi ya mapato. Majimbo tisa hayakati kodi ya jimbo kwenye mshahara: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Massachusetts wanakata asilimia 5, kwa hiyo mtu anayeingiza dola 60,000 kwa mwaka anaona kama dola 3,000 hivi zinabaki mfukoni, anashangilia. Polepole. Jimbo nalo lazima lile. Texas wanakula kwenye kodi ya majengo, ambayo ni kati ya zile za juu nchi nzima, na we mpangaji usijidanganye haikuhusu maana mwenye nyumba anaisukumia kwenye pango lako kimya kimya. Dukani jimbo linachukua asilimia 6.25 na miji inaongezea mpaka 8.25. Alafu kuna mshahara wenyewe: kima cha chini Massachusetts ni dola 15 kwa saa, Texas ni 7.25, ile ya serikali kuu ambayo haijasogea tangu 2009. Ni kweli nyumba za wazee hawalipi 7.25, lakini sakafu ikiwa chini na dari nayo inashuka, kazi ile ile aliyokuwa anafanya mke wangu Lowell huku ilikuwa pungufu dola nne na kidogo kwa saa. Kwa hiyo ulinganishe mshahara wa kazi YAKO kwenye mji unaokwenda, usilinganishe pango peke yake.

Kingine ni gari. Lowell tuliishi na gari moja, kuna treni mpaka Boston, kuna mabasi. Hapa jirani yetu kuna Arlington, mji wa watu karibu laki nne, hauna mabasi ya kawaida ya umma, unaita kigari kwa simu. Nyumba yenye watu wawili wanaofanya kazi shifti tofauti huku ni magari mawili, bima mbili. Hiyo peke yake ilimeza ile kodi ya mapato tuliyokuwa tunaifurahia.

Ukiweza nenda kaone, na uende mwezi mbaya. Texas nenda mwisho wa Julai, Minnesota nenda Januari. Endesha kutoka mtaa unaotaka kupanga mpaka kazini saa ile ile shifti inapoingia. Usimuulize mjomba aliyeko huko miaka ishirini, yeye joto alishalizoea na ramani yake ya bei imesimama 2012.

Sasa hesabu ya pengo. Jumlisha: pango la mwezi wa mwisho kule, pango la kwanza na dipoziti huku, lori na mafuta, bima, na matumizi ya miezi miwili au mitatu. Kama mnaingiza mishahara miwili hesabu kwamba mmoja utakufa miezi miwili. Kama una mshahara mmoja tu, kwa ushauri wangu usiguse boksi hata moja bila barua ya kuajiriwa iliyosainiwa. Na kumbuka nyumbani hawajui kama umehama, ada ya mdogo wako Januari itakuja vile vile.

Hatua ya 2: cheti cha kazi (miezi mitatu kabla, hii ndo roho ya mambo yote)

CNA sikilizeni vizuri maana ndo wengi wetu. Kila jimbo lina rejista yake. Serikali kuu imeweka mafunzo yasipungue saa 75, lakini majimbo yana ruhusa ya kudai zaidi, California wanataka saa 160, Maine 180. Kwa hiyo kutoka jimbo la saa nyingi kwenda la saa chache mara nyingi ni fomu tu ya kuhamisha, ila ukipanda kinyume chake unaweza kuambiwa uongeze mafunzo au ukae mtihani. Kabla hujafanya chochote ingia rejista ya jimbo lako la sasa, hakikisha cheti kiko hai, jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho (hapa Waswahili tunaumia sana, majina matatu, kule limeandikwa la babu huku la mume) na hakibakizi wiki mbili kuisha. Kosa letu sie lilikuwa kusubiri tufike ndo tutume fomu. Fomu inatumwa ukiwa bado unakwenda kazini kule. Ukitaka anwani ya huku weka ya ndugu, mradi barua zitakufikia.

Manesi wa LPN na RN: kuna muungano wa majimbo ambapo leseni moja inatumika kwenye majimbo zaidi ya 40. Texas imo. California, New York, Illinois na Minnesota hawamo. Ukihama kutoka jimbo la muungano kwenda jingine la muungano, tangu Januari 2024 una siku 60 za kuomba leseni ya jimbo jipya, usifikiri ile ya zamani itakubeba mpaka iishe. Na ukitokea nje ya muungano unaomba upya, alama za vidole upya, na Texas wanaongeza na mtihani wa sheria zao za unesi, sio mgumu ila wengi hawajui kama upo mpaka maombi yakwame.

Madereva wa malori, leseni yenu ya CDL inatakiwa ihamishwe ndani ya siku 30 tangu uhamie. Dada zetu wa kusuka, Texas tangu 2015 kusuka nywele asili hakuhitaji leseni kabisa, majimbo mengine bado wanadai saa za darasani, kwa hiyo mwenye saluni ya kusukia Dallas asifikiri atafungua vile vile kila aendako.

Hatua ya 3: mambo ya uhamiaji

Hapa sitaki utani. Kama sio raia una siku 10 baada ya kuhama kuwaambia USCIS (idara ya uhamiaji) anwani mpya, fomu AR-11, mtandaoni, bure. Kubadilisha anwani posta hakuwaambii USCIS chochote. Na kama una ombi linaloendelea (green card, kumleta mke, uraia) hakikisha anwani imebadilika kwenye kila ombi. Namjua jamaa kadi yake ilitumwa kwenye apatimenti ya zamani, posta hawakuisogeza mbele maana bahasha zile hurudishwa zilikotoka, akakaa miezi anahangaika.

Mwenye kesi mahakama ya uhamiaji, hiyo ni mamlaka nyingine kabisa. Fomu ni EOIR-33, siku tano za kazi. Na kubadilisha anwani hakuhamishi kesi, lazima uombe kesi ihamishwe na mpaka jaji akubali tarehe yako ni ile ile kule kule ulikotoka. Watu wamehukumiwa kuondolewa nchini wakiwa hawapo mahakamani kwa sababu tu barua ilikwenda nyumba ya zamani. Hili ongea na wakili KABLA ya kuhama.

Unayekaribia kuomba uraia: sheria inataka uwe umekaa miezi mitatu kwenye jimbo au wilaya ya USCIS unakoombea. Kama uko tayari kuomba sasa hivi na unahama mwezi ujao, piga hesabu, ama utume kabla hujaondoka na ubadilishe anwani, ama usubiri miezi mitatu huku.

Ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi, wa Nyarugusu, Kakuma na kwingine, zile siku 90 za mwanzo shirika lililokupokea linakuhudumia pale lilipokupokea. Ukisikia binamu yuko Iowa analipwa vizuri ukakimbilia wiki ya tano, huduma nyingi hazikufuati. Kama unaweza maliza kwanza hizo siku, pata kadi ya Social Security mkononi, watoto wapate chanjo zao, alafu nenda.

Vitu viwili vidogo vinavyoua. Ukienda kuchukua leseni jimbo jipya watakuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kama sio raia jibu ni HAPANA, soma kila kiboksi kwenye ile skrini kabla ya kusaini, hata kama mhudumu ana haraka na foleni inakutazama. Watu wa green card wamepoteza njia ya uraia kwa kiboksi kimoja. Cha pili ni bangi. Massachusetts inauzwa dukani, Texas ni kosa la jinai, na kwa serikali kuu ambayo ndo inashika makaratasi yako bado ni haramu popote ulipo, hata pale penye duka.

Hatua ya 4: bima ya afya na misaada

Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, haivuki mpaka. MassHealth, yaani Medicaid ya Massachusetts, ikifika Texas ni plastiki. Na sheria za nani anapata hazifanani: Massachusetts, Minnesota na majimbo mengi yamepanua Medicaid, Texas, Florida, Tennessee, Alabama na wengine wachache hawakupanua, kwa hiyo mtu mzima mwenye afya yake asiye na mtoto Texas hapati hata kama kipato ni sifuri. Watoto wanapata, tena waombee siku ile ile umefika. Mjamzito anayefikiria kuhama mwezi wa saba wa mimba, dada yangu nakuomba ujifungue kwanza.

Ukinunua bima mwenyewe kwenye soko la bima la serikali (Marketplace), kuhama kunakufungulia dirisha la siku 60, ila sharti uoneshe ulikuwa na bima angalau siku moja ndani ya siku 60 kabla ya kuhama. Kwa hiyo usifute bima ya zamani mapema ukifikiri unaokoa hela, ukiingia jimbo jipya bila bima nyuma yako dirisha linakufungia mpaka msimu wa kujiandikisha. Bima ya kazini uliza inaisha siku ya mwisho ya kazi au mwisho wa mwezi. Kama ni mwisho wa mwezi acha kazi tarehe mbili tatu za mwanzo wa mwezi, sio tarehe 30, unapata karibu mwezi mzima wa bure. Chukua na dawa za sukari na presha za kutosha kabla hujaondoka.

Kadi ya msaada wa chakula (SNAP) inasomeka madukani majimbo yote lakini huruhusiwi kupokea majimbo mawili mwezi mmoja. Funga kule, omba barua ya kufungwa, ndo ufungue huku. Bila ile barua utazungushwa.

Hatua ya 5: nyumba

Apatimenti nyingi wanataka kipato mara tatu ya pango, alama za krediti, na historia isiyo na kufukuzwa. Mtu anayehama hana kipato cha jimbo jipya, ndo maana nasema barua ya kuajiriwa inafungua milango miwili kwa mpigo. Bila hiyo utaombwa dipoziti kubwa au mdhamini.

Matapeli sasa. Nyumba nzuri, picha nzuri, bei ya chini kuliko mtaa mzima, mwenye nyumba "yuko nje ya nchi kwa kazi ya Mungu", tuma dipoziti kwa Zelle (kutuma hela kwa simu) nikutumie ufunguo. Usitume. Hata senti. Kama huwezi kufika mwenyewe tuma mtu wa kanisani au msikitini aingie ndani akupigie video, afungue bomba la maji ya moto, atazame nyuma ya jiko kama kuna mende.

Kama unafikia kwa ndugu, mwambieni tarehe ya kutoka kabla hamjafika. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwenye apatimenti ya vyumba viwili hilo jembe linakuja mapema. Sie tulikaa kwa shemeji wiki tatu, tulinunua vyakula na kulipa umeme, mpaka leo tunasalimiana vizuri. Ila soma mkataba wake, apatimenti nyingi zina kikomo cha siku za wageni, usimfukuzishe mwenzio.

Na huko unakotoka: toa notisi kwa maandishi, piga picha kila chumba kikiwa kitupu. Massachusetts mwenye nyumba ana siku 30 kurudisha dipoziti. Ukihama siku nyingine kutoka Texas kwenda kwingine, pia ni siku 30 lakini halazimiki mpaka umpe anwani yako mpya kwa maandishi. Watu wanaondoka kimya kimya alafu wanalalamika wamedhulumiwa.

Umeme Texas ni sinema yake. Sehemu nyingi ikiwemo Fort Worth unachagua kampuni mwenyewe, kuna tovuti ya serikali inaitwa Power to Choose. Mtego ni huu: mpango unatangazwa senti chache sana, kumbe ni kwa anayetumia yuniti 1,000 kamili, ukitumia 950 ile punguzo inapotea bili inaruka. Chagua bei moja isiyobadilika ya miezi 12, soma karatasi yao ya bei, na uwashe umeme siku moja kabla hujaingia, maana Agosti nyumba isiyo na kiyoyozi hulali.

Hatua ya 6: shule

Kalenda hazifanani. Texas shule zinafungua katikati ya Agosti, Massachusetts ni mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Sie tuliingia tarehe 27 tukidhani tumewahi, wanetu wakawa wamekosa wiki mbili nzima.

Beba rekodi ya chanjo, cheti cha kuzaliwa, ripoti ya mwisho, na kama mtoto ana mpango wa elimu maalum beba nakala yote, usitegemee shule mbili zitatumiana haraka. Anwani wataitaka. Na hili wengi hawalijui: kama mnaishi kwa ndugu kwa sababu hamna nyumba yenu, kuna sheria ya serikali kuu inaitwa McKinney-Vento inayosema mtoto aandikishwe mara moja hata kama hana karatasi zote. Kila wilaya ya shule ina mtu wa kushughulikia hilo, muulizie.

Mwenye mtoto wa sekondari fikiria mara mbili. Texas ili amalize kuna mitihani mitano ya jimbo: aljebra, Kiingereza cha kwanza na cha pili, biolojia na historia ya Marekani. Mtoto anayekuja darasa la 11, somo aliloshafaulu kule na shule ya huku ikalikubali hafanyi mtihani wake, yaliyobaki anayakuta mbele yake. Na chuo: ada ya mkazi Texas inataka uwe umeishi miezi 12 kabla, na kukaa huko kwa ajili ya masomo tu hakuhesabiki vizuri. Kama binti anaanza chuo Septemba hii, mhame mwaka mmoja kabla au baada, sio mwaka ule ule.

Hatua ya 7: lori

Njia mbili, ujiendeshee au ulipe wahamishaji. Wahamishaji wa kati ya majimbo lazima wawe na namba ya USDOT (ya wizara ya usafiri), iangalie kwenye tovuti ya FMCSA, wale wanaosimamia malori, na uulize swali moja: wewe ndo mwenye lori au ni dalali? Rafiki yetu alipewa makadirio ya dola 2,400 kwa simu, lori likaja limepakia, ndo akaambiwa 4,100 la sivyo vitu havishuki. Sheria inasema kama makadirio sio ya bei iliyofungwa, wakati wa kushusha hawawezi kukudai zaidi ya asilimia 110 ya makadirio, kilichozidi kinadaiwa baadae. Yeye hakujua, akalipa. Omba bei iliyofungwa, kwa maandishi, baada ya wao kuona vitu. Na ile bima ya bure wanayokupa ni senti 60 kwa kila ratili, yaani televisheni ya ratili 40 ikivunjika unapewa dola 24.

Sie tulichukua lori la kukodi la U-Haul, tukaendesha wenyewe. Lowell mpaka Fort Worth ni kama maili 1,750, unashuka I-81 Virginia mpaka Tennessee, I-40 mpaka Little Rock, alafu I-30. Lori kubwa linakunywa galoni moja kwa maili 10 hivi, piga hesabu galoni 175, alafu hoteli usiku mbili au tatu. Bei ya lori inategemea na uelekeo, upande wanakohamia watu wengi ni ghali, upande wa kurudi ni nafuu, kwa hiyo jaribu tarehe na miji ya jirani. Kama uko Boston iepuke Septemba mosi, mikataba ya mji mzima inabadilika siku hiyo, na kamwe usiingize lori Storrow Drive, madaraja ya juu yako chini sana, kila mwaka kuna anayechana paa kama kopo la maharage.

Uza vitu vikubwa. Kochi la dola 300 halistahili safari. Mbuzi ya kukunia nazi ibebe. Na mkoba wa makaratasi yote (pasipoti, green card, vyeti vya kuzaliwa na ndoa, kadi ya gari, chanjo, W-2 (karatasi za mshahara wa mwaka) za miaka mitatu) haupandi lori, unakaa miguuni mwako.

Posta badilisha anwani kwenye tovuti yao wenyewe ya USPS, wanakata dola moja na senti kidogo kuthibitisha kadi. Ukiombwa dola 40 umeingia tovuti ya wajanja. Barua za kawaida zitakufuata miezi 12.

Hatua ya 8: gari na leseni, siku zinahesabiwa

Texas wanakupa siku 30 kusajili gari na siku 90 kubadilisha leseni. Georgia leseni ni siku 30, Minnesota 60, California siku 10 tu leseni na 20 gari. Gharama nazo, Texas mgeni analipa dola 90 ya kodi ya mkazi mpya kwa gari alilolisajili tayari kwa jina lake, Georgia ni asilimia 3 ya thamani ya gari, kwa hiyo gari la 15,000 ni dola 450 kabla hujapata pleti.

Mpangilio una maana, ukikosea unazungushwa. Kwanza bima ya Texas. Pili ofisi ya kodi ya kaunti kusajili gari (ukaguzi wa usalama ulifutwa Januari 2025 ila wa moshi bado upo kaunti kadhaa, Tarrant yetu ya Fort Worth na Dallas zikiwemo). Tatu DPS (ofisi ya jimbo ya leseni) kwa leseni, na nafasi zao weka miadi hata kabla hujahama maana wanajaza, beba vithibitisho viwili vya anwani na karatasi ya usajili wa gari maana wataitaka. Uliza hapo hapo iwe Real ID (ile inayokubaliwa na serikali kuu), tangu Mei 2025 uwanja wa ndege wanaitazama. Nne, ndo unafuta pleti za Massachusetts. Tano, na mwisho kabisa, unakata bima ya kule. Mi niliruka ya nne, nikasahau kabisa, Februari bili ya kodi ya gari ya Lowell ikanifuata mpaka Fort Worth, dola 25 kwa kila 1,000 ya thamani, ikabidi nifute pleti ndo nijaze fomu ya kuomba wapunguze.

Bima ya gari ulizia bei kwa namba ya posta (zip code) mpya kabla hujachagua mtaa, maana mitaa miwili ya mji mmoja inapishana sana. Majimbo kama Minnesota na Michigan yana mfumo ambapo bima yako mwenyewe inalipa matibabu yako bila kujali nani kakosea, ndo maana bei inashangaza wageni. Na kidude cha E-ZPass kiache huko huko mashariki, barabara za kulipia za Dallas hazikisomi, utakuwa unaletewa bili kwa pleti.

Hatua ya 9: kodi ya Aprili

Mwaka uliohama unajaza majimbo yote mawili kama mkazi wa nusu mwaka, isipokuwa lile lisilo na kodi ya mapato. Sie tulijaza Massachusetts fomu 1-NR/PY kwa ile miezi ya Lowell, pamoja na sehemu ya kuonesha tulikuwa na bima ya afya tukiwa kule, Texas hatukujaza kitu. Kama kazi yako ni ya kompyuta na umebaki na mwajiri yule yule, waambie ofisini wiki ile ile unahama, la sivyo wataendelea kukata kodi ya jimbo la zamani na utaisubiri mpaka marejesho. Gharama za kuhama hazipunguzi kodi ya serikali kuu, hiyo ilikufa 2018 kwa watu wa kawaida, wamebaki nayo wanajeshi, kwa hiyo akikwambia mtu tunza risiti za lori utarudishiwa mpuuze. Risiti moja tu ndo ya kutunza, ile inayoonesha siku uliyoingia nyumba mpya, maana anayekujazia kodi atataka tarehe kamili, sio "mwezi wa nane hivi".